Sauti ya Wifi

Mimi nilizaliwa na sauti nzito. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nilipolia mara ya kwanza mkunga alitangaza mtoto wa kiume kabla hajanitazama vizuri, na baba akaanza kutafuta jina ambalo halikunifaa. Katika kikundi chetu cha maulidi cha akina mama, hapa Baleni, wenzangu waliniweka nyuma kabisa, karibu na masufuria. Walisema sauti yangu ni kama ndoo ya kisimani, kushuka inajua, kupanda mpaka ivutwe. Sikuwa na neno. Kila kikundi kinahitaji watu wa kuitikia, nami niliitikia miaka yote huku nikichungulia wali usiungue.

Aliyekuwa akipanda ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Kwenye kisimamo, pale watu wote wanaposimama kumswalia Mtume, ubani ukifukizwa na marashi yakinyunyizwa, yeye ndiye aliyeinua sauti peke yake juu ya sauti zetu zote. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa nyembamba na safi, na mwishoni mwa pumzi ilikuwa na kijikohozi kidogo, kama mtu aliyetaka kucheka akajizuia. Wanawake walikuwa wakilia. Mimi pia nililia, na mimi si mtu wa machozi ya karibu.

Huyo wifi akafa. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo lilivyotufikia, bila kupiga hodi. Alikuwa ameolewa na mvuvi wa dago, mmoja wa wale wageni wanaokuja kwa misimu kuvua upande wa Ras Mkumbi, na mama yake, yaani mama mkwe wangu, hakuitaka ndoa ile. Aliapa hatatia mguu katika nyumba ya yule mwanamume, akakishika kiapo chake kama mtu anavyoshika saumu. Wifi akija kwetu kwa pikipiki siku za maulidi, atampa mama yake shikamoo, mama atajibu marahaba, basi, baada ya hapo kimya. Homa ilipomzidia tuliletewa habari asubuhi. Mama mkwe alichelewa, akitafuta sababu ya kutokwenda, na alipokubali kupakiwa kwenye pikipiki, tulikuta maiti kishaoshwa, kishavishwa sanda. Kwa desturi mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi. Siku ile nilimwona mzazi ameinama juu ya kitambaa cheupe akimwomba mtoto, na kitambaa hakikusema kitu.

Tangu hapo mama mkwe hakuwa mtu tena. Macho yake yalikwisha funga kwa mtoto wa jicho, alikuwa anaona vivuli tu, na kwenda kupasuliwa alikataa. Sasa akaacha na kula. Ukimwekea uji atauzungusha kwa kijiko mpaka ufanye ngozi. Halafu atauliza, kila siku, swali lile lile: "Unadhani alinisamehe?"

"Alikusamehe, Mama," nitamjibu.

"We umejuaje?"

Na mimi sikuwa nimejua. Nilimwona akikonda, mifupa ya mabega inatokeza chini ya kanga, nikajua kwamba kama hakuna atakayemjibu swali lake tutamzika na yeye.

Lakini sikuanza kuimba kwa ajili yake. Nilianza kwa ubishi. Kikundi kilibaki bila mtu wa kisimamo, kiongozi wetu akajaribu mabinti wa kila nyumba, na wote walifika mahali wakapiga yowe. Siku moja nikasema, niachieni mimi nijaribu. Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa mtandio. "Labda nazi nazo zitaimba," alisema kiongozi. Mimi ukiniambia siwezi, umenipa kazi.

Nilikuwa na sauti ya wifi kwenye simu. Mwenzetu mmoja alimrekodi maulidi ya mwisho aliyosoma, ikazunguka WhatsApp kijiji kizima, na baada ya msiba watu wakaifuta kwa kuogopa. Mimi sikuifuta. Nilikuwa naisikiliza kwa waya wa masikioni nikiwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, navuma pamoja nayo midomo imefungwa. Kisha nikajifunza kuitikisa midomo, vile watoto wanavyofanya wakijifanya wanaendesha magari, kwa sababu niliona sauti inapanda kirahisi zaidi nikiwa siichukulii kwa uzito. Koo likiuma naliacha. Nilikunywa tangawizi mpaka mume wangu akauliza kama nina mimba.

Nyumbani haikuwezekana kuimba kwa kufungua mdomo. Nikawa naenda gofuni. Katika shamba la minazi la ukoo wa mume wangu kuna gofu la nyumba ya mwenye shamba wa zamani, kuta za mawe na chokaa zimesimama, paa hakuna, na mnazi mmoja umeota katikati ya chumba kana kwamba ulikaribishwa. Watu hawapiti pale jua likiwa utosini. Wanasema ile ni saa ya wenyewe, na hakuna anayeuliza wenyewe ni nani. Mimi nilikwenda kwa sababu hiyo hiyo. Bora nisikiwe na jini kuliko jirani, jini hapeleki umbea.

Wakwezi wetu huchonga vipandio kwenye shina la mnazi, na hakuna mkwezi mwenye akili anayeruka kipandio. Ndivyo nilivyofanya. Nilikaa kwenye sauti moja siku nyingi mpaka isitikisike, ndipo nikaisogelea ya juu yake. Mahali fulani sauti yangu ilikuwa ikivunjika kila mara, inakatika kama uzi, na nilikaa hapo muda mrefu kuliko popote, naingia taratibu, natoka, narudi. Mvua za masika zilinikuta hapo na zikaniacha hapo. Siku nilipovuka, niliogopa. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na mimi simo ndani yake. Niliweka kiganja kifuani, na kifua kilikuwa kimetulia tuli, kana kwamba anayeimba ni mtu mwingine na mimi nimemshikia mlango.

Kuta ziliirudisha ile sauti. Mimi nimekwisha nyamaza, yenyewe inamalizia. Najua, ni mwangwi, nilisoma mpaka darasa la saba na mwangwi tulifundishwa. Lakini mwangwi hurudisha ulichotoa, na kuna mchana mmoja ulirudisha na kile kijikohozi cha mwisho wa pumzi, nami sikumbuki kukohoa. Nilichukua kapu langu nikarudi nyumbani bila kukimbia. Ukikimbia umekiri.

Kesho yake nikarudi. Ubishi ni ugonjwa.

Kumbe sikuwa peke yangu. Mkwezi mmoja alikuwa juu ya mnazi, shamba la pili, akanisikia. Alishuka kwa kuteleza, kifua kikachubuka chote, na panga akaliacha limekwama huko huko kwenye makuti. Kabla ya alasiri kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba marehemu anasoma kisimamo gofuni saa ya jua kali. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengine wakaongeza kwamba walikwisha msikia zamani ila waliona haya kusema. Mwanamke mmoja aliapa amemwona na kanga yake ya msiba, wakati mimi siku ile nilivaa dera la maua.

Ustadhi alikemea. Alisema wafu hawarudi, anayerudi ni jini aliyeiga sauti. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia mkononi nikafikiri, kuiga ndiko, hapo hajakosea. Lakini wazee wa ukoo waliamua isomwe khitma roho itulie, na mimi, mkaza mwana wa nyumba, ndiye niliyepika pilau. Nilichambua mchele, nikakaanga vitunguu, nikajua kwamba watu wote wale wameketi barazani kumwomba Mungu aninyamazishe mimi. Ningesema nini? Niwaambie jini wenu ndiye huyu anayewapakulia? Na sitaficha, nilikuwa nimebakiza kidogo tu kufika pale alipokuwa akifika yeye, na sikutaka kukatazwa.

Mama mkwe alikaa na tasbihi yake na hakuitikia amina hata moja. Watu walipoondoka alinishika pindo la nguo.

"Nipeleke."

"Wapi, Mama?"

"Gofuni. Wao wanamfukuza mwanangu. Mimi nina neno naye."

Nilimwambia jua ni kali, njia ina miiba, Mama hujala. Alisema hayo yote anayajua. Nikampeleka baada ya sala ya adhuhuri, amenishika kifundo cha mkono, anatembea haraka kuliko nilivyomwona akitembea tangu mazishi. Nilikuwa nimeapa kimoyomoyo kwamba sitafungua mdomo. Atasikia upepo, atachoka, tutarudi, na huo utakuwa mwisho wake.

Nilimkalisha kwenye kizingiti. Hapakuwa na upepo. Aliita jina la mwanawe, akasikiliza, akaita tena. Ndege waliokuwa wakilia walikuwa wamenyamaza, au mimi nilikuwa nimeacha kuwasikia. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaanza kusoma kisimamo mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ndiye aliyemfundisha wifi kuimba. Sauti yake ilikuwa imezeeka, ina mchanga ndani, na ilikwenda vizuri mpaka ilipofika pale pa kupanda. Pale haikuweza. Akasimama, mdomo wazi, akangoja.

Mtu aliyeitikia maisha yake yote hawezi kuachiwa sauti ikining'inia. Mimi sikuamua. Nilisikia sauti ikitoka, ikapokea pale pale alipoacha, ikapanda, ikapita kipandio changu cha mwisho na kile ambacho sikuwahi kukigusa, ikakaa huko juu bila kutikisika. Kisha ikashuka, na kikohozi chake.

Mama mkwe hakugeuka kwenye kuta. Aligeukia kwangu. Mkono wake haukuwa umeniachia hata kidogo, alijua vizuri sauti imetoka wapi. Aliinua uso kana kwamba ananiona.

"Umepanda kwa wifi yako," alisema taratibu. "Umechagua vyema. Ana mgongo imara."

Kwetu pepo akimpanda mtu, yule mtu anaitwa kiti, na anayesema si kiti, ni aliyekikalia. Kila mtu anajua hivyo, hata mimi ninajua. Mtu mwenye sauti nzito akifungua kinywa ikatoka sauti nyembamba, hakuna hapa atakayesema amefanya mazoezi.

"Mwanangu," alisema, "umenisamehe?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema, Mama, ni mimi. Nilikusudia kusema hivyo. Nilivuta pumzi mpaka tumboni, nikaitafuta sauti yangu nzito, nikafungua mdomo.

"Nimekusamehe, Mama. Zamani sana."

Nyembamba, na kikohozi.

Alilia kwa muda mrefu, nami nikalia, kila mtu na chake. Jioni ile alikula muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma, akaomba aongezwe, akalamba vidole. Mume wangu alinitazama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula mimi. Niliona kama dhambi iliyokuwamo katika jambo lile ni ndogo, na mtu niliyemwokoa yuko mbele yangu anatafuna.

Nilidhani neno moja litatosha. Mwenye njaa humpi tonge moja ukamwambia ondoka. Kesho yake baada ya alasiri aliniita nikae mkekani. "Hebu mpishe kidogo wifi yako," aliniambia, kwa upole, kama anayeomba chumvi. Nikampisha. Kesho kutwa tena. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: vyombo vikishaoshwa nakaa mbele yake, halafu naongea juu. Wanazungumza mambo yao. Nasema wanazungumza, kwa kuwa mengi sikuwa nayajua, lakini majibu yalikuja. Siku moja alimuuliza, "Yule paka wako tulimzika wapi vile?" Mimi nikajibu, chini ya mstafeli. Akacheka, akasema ndipo hapo hapo. Nilipomuuliza mume wangu alisema ni kweli, mstafeli wenyewe ulikatwa kabla hajanioa, akataka kujua nani kanihadithia. Labda nilisikia nisikumbuke. Nyumba ile ina masimulizi mengi na masikio hayana mlango.

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ulipofika nilisoma kisimamo. Hakuna aliyecheka. Nilifika pale juu bila kutafuta, wakalia wote, hata kiongozi, ila walioketi karibu yangu walivuta mikeka yao kidogo, wakijifanya wanapisha chetezo cha ubani. Aliyekuwa akirekodi aliweka simu chini kabla sijamaliza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka na nikatamani kurudi kwenye masufuria, lakini mahali pangu alikwisha kaa mwingine.

Nilikuwa nikiamini kwamba kupanua sauti ni kama kuongeza chumba, vyumba vya zamani vinabaki vilivyo. Sivyo ilivyokuwa kwangu. Asubuhi nikiamka sauti nzito naipata kwa shida, inakwaruza, na jua likipanda inakuwa imekwisha. Nikiwaita watoto shambani wanasimama kwanza wanatazamana, ndipo wanakuja. Mume wangu nikimwita kula anageuza uso ukutani. Aliniambia tu siku moja, akichezea funguo, "Ukinihitaji, uwe unanibipu." Basi nambipu, yeye yuko barazani, mimi niko jikoni.

Mama mkwe amenenepa. Anasukwa nywele, anasuka ukili kwa kupapasa, mikeka yake inanunuliwa na wageni wa hoteli za Ghuba ya Chole. Miezi ya mwanzo alikuwa akisema, "Sasa mwache wifi yako apumzike," nami nilikuwa narudi, namwamkia kwa sauti yangu, naye ananiitikia marahaba, kwa adabu, sikio limegeukia pembeni linamngoja mwingine. Kisha akaacha kumwambia aniache nipumzike.

Juzi tulikaa mkekani, mimi nachana ukindu, yeye anasuka. Nilikuwa sijazungumza tangu asubuhi, nikitunza koo makusudi. Nikaegemea karibu naye nikasema, chini kabisa, kwa ile sauti niliyozaliwa nayo, "Mama, ni mimi."

Vidole vyake havikusimama. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, mpaka koo likauma. Alipapasa ukindu mwingine akauunga, akausuka, akaulainisha kwa kucha.

Halafu akainua uso kuelekea kwangu, uso uliotulia, wa mtu aliyeshiba.

"Mwanangu," alisema, "hivi wifi yako mzima? Siku nyingi simsikii."

Nilikaa kimya kadiri nilivyoweza. Mikono yake ilianza kutafuta juu ya mkeka, haraka haraka, inanitafuta, ikizunguka kama ilivyokuwa ikizungusha kijiko wakati ule wa uji.

"Mzima, Mama," nikasema, na sauti ikapanda yenyewe. "Yuko shamba."

Mikono ikatulia.

"Alikuwa mkwe mwema," alisema. "Msalimie."

"Zitafika, Mama."